Nanyama na Kompyuta Nne za Mama Jaydeep

Nanyama alianza kuitwa fundi akiwa na miaka hamsini na mitatu, umri ambao wenzake wengi walikuwa wamesharudi Bungoma kufuga kuku. Kabla ya hapo alikuwa mpiga chapa. Alizaliwa katika nyumba za reli hapa Nakuru, baba yake akiwa mchochea makaa kwenye garimoshi la kwenda Kisumu, na alipomaliza kidato cha nne akaajiriwa katika kiwanda kimoja cha sabuni kuchapa barua za wakubwa. Alizichapa kwa miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipofungwa, alitoka na vitu viwili: cheti cha utumishi mwema na vidole visivyokosea.

Vidole hivyo ndivyo vilivyompeleka kwa Bhagwanti. Mtaa mzima ulimjua Bhagwanti kama Mama Jaydeep, mjane wa Kihindi aliyekuwa na duka la vitabu vya mazoezi, kalamu na karatasi, na juu ya duka ndiko alikoishi. Alihitaji mtu wa kuwachapia watu barua za kuomba kazi na hati za mashamba. Nanyama alikuja kwa mwezi mmoja wa majaribio mwaka 2003, na hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba mwezi umekwisha. Saa nne kila asubuhi walikunywa chai pamoja nyuma ya kaunta na kubishana. Bhagwanti alitia tangawizi mpaka koo likawasha. Nanyama naye alitia sukari mpaka Bhagwanti akafumba macho ili asione.

Jaydeep, mwana pekee wa Bhagwanti, ndiye aliyeleta kompyuta. Alinunua nne zilizokwisha kutumika, akazipanga kwenye chumba cha nyuma, akazipa namba moja mpaka nne kwa kalamu ya wino mzito, na duka likawa saiba, watu wakalipia intaneti kwa dakika. Mwanzoni ilikuwa mateso matupu. Kila mteja alikuja na flashi yake, kila flashi ilikuja na virusi vyake, na kila Jumatatu Jaydeep alikuwa chini ya meza akitukana kwa Kigujarati. Mwaka 2006 alichoka, akafuta kila kitu na kuweka Linux, mfumo wa bure ambao virusi hivyo havikuuweza, kwenye mashine zote nne. Wateja walinung'unika wiki moja, wakisema kompyuta hizi ni za wapi. Halafu wakagundua kwamba barua pepe ni ileile, wakanyamaza.

Septemba 2007 Jaydeep alipata kazi Kanada. Siku ya mwisho, mkewe Mansi akiwa juu anafunga masanduku, alimkalisha Nanyama mbele ya namba moja.

"Anti, unaona hii nyota ya rangi ya machungwa hapa juu, karibu na saa?"

"Naiona."

"Ikitokea, mashine inaomba apdeti. Watu wanaotengeneza hizi programu huwa hawalali. Wakiona shimo, wanashona kiraka, wanatuma. Kazi yako ni kubandika."

"Na nisipobandika?"

"Leo hakuna kitu utaona. Hata kesho. Lakini siku moja mtu ataingilia hapo kwa shimo, na wewe hutajua ameingia."

Alimwandikia mistari mitatu ya amri kwenye kipande cha boksi la karatasi, pamoja na neno la siri, akamwonyesha mahali pa kuandika. Kisha akasema jambo ambalo Nanyama alilishika kuliko yote. "Watu wengi wakiona maneno wanabonyeza tu ili yaondoke. Wewe soma. Hii mashine huwa inasema ukweli, ni vile tu inaongea bila adabu."

Kusoma hakukumtisha Nanyama. Mtu aliyesoma barua za wakubwa wa kiwanda kwa miaka ishirini na sita amesoma mengi yasiyo na adabu.

Siku ya kwanza nyota ilipotokea aliibonyeza saa tano asubuhi, chumba kikiwa kimejaa. Laini ilikuwa moja tu, modemu iliyochomekwa kwenye namba moja na kugawiwa zile nyingine, na apdeti ikainywa yote. Wateja wanne wakamgeukia kwa pamoja. Mmoja aliuliza kwa upole kama intaneti imeenda kanisani. Tangu siku hiyo Nanyama akachagua Ijumaa saa ya chakula cha mchana, Waislamu wako msikitini, watu wa ofisi wako kwenye chipsi, na chumba cha nyuma kiko kitupu. Alinunua daftari la kurasa tisini na sita, akaandika tarehe, namba ya mashine, kilichobadilishwa, na jinsi mashine ilivyoamka baadaye. "Imeamka vizuri." "Imeamka vizuri lakini sauti hakuna." "Sauti imerudi."

Bhagwanti alimtazama Ijumaa tatu mfululizo, ya nne akashindwa kuvumilia.

"Nanyama, hii mashine iko mgonjwa? Kila Ijumaa iko na daktari."

"Si mgonjwa, Mama Jaydeep. Ni chanjo."

"Chanjo kila wiki?"

"Magonjwa nayo ni ya kila wiki."

Bhagwanti alitafakari jibu hilo, akaliona lina akili, akaenda kumletea chai.

Aliyemsaidia kupiga hatua ya pili alikuwa Maxwel, kijana wa miaka ishirini na saba aliyefundisha kompyuta katika shule moja ya sekondari Bahati na kuja mjini kununua karatasi na wino. Alimkuta Nanyama akishusha apdeti kwenye namba tatu, baada ya kuzishusha zilezile kwenye namba moja na mbili.

"Mathe," akamwita mama kwa lugha ya vijana, "mbona unashusha kitu moja mara nne?"

"Kwani kuna njia nyingine?"

Maxwel akavuta kiti. Akamwonyesha folda ambamo mashine huhifadhi kila kifurushi inachokishusha, na jinsi ya kuvichukua kwa flashi na kuvipeleka kwenye mashine nyingine bila kugusa laini. Nanyama alielewa mara moja. Ilikuwa kama kupika sufuria moja na kupakua sahani nne. Jioni hiyo aliandika hatua zote katika daftari kwa mwandiko wa kiofisi, kila hatua na namba yake, na Maxwel alipoziona Ijumaa iliyofuata aliomba atoe nakala akatumie shuleni.

Hivyo ndivyo mwaka ulivyoisha. Uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi yakaja yale mapigano ambayo watu wa Nakuru hawapendi kuyasimulia mbele ya wageni. Duka lilifungwa mwanzo wa Januari, likafunguliwa nusu mlango, likafungwa tena, likafunguliwa. Nanyama aliishi ng'ambo ya reli, katika chumba cha kupanga, na kila asubuhi alipofika kazini Bhagwanti alikuwa amesimama dirishani juu akihesabu hatua zake mpaka aingie ndani.

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huo mji ulionekana umetulia. Saa saba mchana Nanyama akaanzisha apdeti kwenye namba moja kama kawaida, akashusha vifurushi vyote, akaviacha vijiweke. Vilikuwa vimefika kama nusu aliposikia mbio barabarani, halafu kelele za watu wengi, halafu mlio ambao mwanzo alidhani ni gurudumu la lori limepasuka.

Bhagwanti alipiga kelele kutoka kwenye kaunta. "Funga, Nanyama. Zima kila kitu. Funga."

Nanyama alimsaidia kuteremsha mlango wa chuma, akakimbilia nyuma, akaona kile kimstari cha kijani kikiendelea kutambaa kwenye kioo cha namba moja. Alijua kazi hiyo haipaswi kukatizwa. Ilikuwa imeandikwa pale pale kwa herufi kubwa. Lakini chumba kilikuwa na dirisha la upande wa uchochoro, na kompyuta zinazowaka zilionekana kutoka nje. Akavuta swichi kuu iliyo kando ya mlango. Vioo vikawa vyeusi, kipeperushi kikaguna na kunyamaza, wakapanda ngazi wameshikana mikono.

Hakurudi kwake siku hiyo, wala kesho yake. Moshi ulionekana upande wa reli. Jirani mmoja alimwambia kwa simu, kabla ya salio lake kukwisha, kwamba nyumba yao ingali imesimama lakini asithubutu kuja. Kadi za simu zilikuwa zimeisha mjini kote. Nanyama alifaulu kumtumia bintiye Nerima ujumbe mmoja Kitale, maneno manne tu, *niko salama kwa mhindi*, kisha salio likakwisha.

Kwa Bhagwanti kulikuwa na unga, dengu, viazi na gesi. Hakukuwa na nyama, na hakungekuwa nayo kamwe. Nanyama, aliyekulia kwenye omena na kuku wa Krismasi, alikula dengu asubuhi na jioni na kusema ni tamu, na siku ya tatu Bhagwanti akamwambia aache kusema uongo ndani ya nyumba yenye taa ya miungu. Wakacheka kidogo, kwa sauti ya chini. Asubuhi Bhagwanti aliwasha taa yake na kuimba mdomoni. Nanyama, ambaye ni wa kanisa la Friends, alikaa kimya kwenye kiti chake akiomba kwa namna ya watu wake, bila neno. Hakuna aliyemsubiri mwenzake amalize. Walimaliza pamoja tu.

Kilichomla Bhagwanti kilikuwa Jaydeep. Kanada walikuwa wanaona Nakuru kwenye televisheni, na huko televisheni ilionyesha moto tu. Simu ya mezani ilikuwa imefungiwa kupiga nje ya nchi tangu zamani za marehemu mumewe. Aliisubiri ilie nayo haikulia, na baadaye walikuja kujua kwamba Jaydeep alikuwa amepiga zaidi ya mara thelathini bila kupenya. Siku ya nne Bhagwanti aliacha kula.

"Nanyama," akasema, akitazama sahani, "ile mashine chini inaweza kumwandikia?"

Nanyama alikuwa ameliogopa swali hilo tangu Ijumaa. "Tujaribu," akasema.

Walishuka saa nne asubuhi, saa yao ya chai. Mlango wa chuma ulikuwa umefungwa na mwanga uliingia kwa matundu ya juu tu. Nanyama alibandika boksi kwenye dirisha la uchochoroni, akarudisha swichi kuu, akabonyeza kitufe cha namba moja. Ile iliyo na modemu ni hiyo pekee. Kipeperushi kikazunguka. Maandishi meupe yakapita kwenye kioo cheusi, yakasimama. Picha ya kawaida, yenye rangi ya udongo na nyota pale juu, haikuja. Kulikuwa na mstari mmoja ukimuuliza yeye ni nani, na kijimstari kinachopepesa.

Nanyama akakaa.

"Mama Jaydeep, lazima nikuambie. Siku ile nilizima ikiwa katikati ya apdeti. Nilijua si vizuri na nikazima. Nimeiharibu mimi."

Bhagwanti alisogea nyuma yake. Kisha akaweka mkono begani pake. "Nani alipiga kelele zima kila kitu?"

"Wewe."

"Basi tumeiharibu wawili. Sasa soma inasema nini. Wewe ndiyo unajua kusoma hii."

Nanyama akafuta miwani kwa pindo la leso. Aliandika jina, akaandika neno la siri. Neno la siri halikuonekana likiandikwa, hata nukta, lakini Jaydeep alikuwa ameonya kwenye boksi: *haitaonyesha kitu, andika tu*. Mashine ikamkubali. Alijaribu mstari wa kwanza wa Jaydeep, ule wa apdeti. Mashine ikakataa, ikatoa sentensi moja ya Kiingereza. Aliisoma mara tatu, kidole kikifuata kila neno kama alivyofundishwa na msimamizi wake wa kwanza kiwandani.

"Inasema nini?" Bhagwanti aliuliza.

"Inasema kazi ilikatizwa. Inasema ni lazima mimi mwenyewe niandike maneno fulani ndipo irekebishike. Imeyaandika hapa."

"Basi andika."

"Ni maneno sijawahi kuandika. Sijui maana yake."

"Huko kwa sabuni ulikuwa unajua maana ya kila barua?"

Nanyama aligeuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa akacheka kicheko cha kutoka tumboni. Kweli hakujua. Alikuwa amechapa mikataba ya mafuta ya mawese, kanuni za soda ya kuchoma, barua za mawakili zenye Kilatini, na hakuna hata moja iliyorudishwa kwa kosa.

Akavinyoosha vidole. Herufi nne zisizo na irabu hata moja. Nafasi. Vistari viwili vilivyogusana, na neno limeshikamana navyo. Nafasi. Kistari kimoja, na herufi *a*. Akalinganisha alichoandika na kilichoandikwa juu, herufi kwa herufi, akabonyeza.

Mashine ilikataa tena. Safari hii ilisema hana mamlaka.

Nanyama alichukua kile kipande cha boksi, akakiangalia kwa mwanga wa tundu. Mistari mitatu ya Jaydeep ilikuwa tofauti kabisa, lakini yote ilianza kwa neno moja fupi, na siku ile Jaydeep alimweleza kwamba hilo ni kama kubisha hodi kwa mwenye nyumba. Akaandika maneno yaleyale upya, akitanguliza hodi.

Maandishi yakaanza kumiminika. Yalipita haraka kuliko macho yake, yakasimama, yakapita tena. Bhagwanti alimkamata bega akalibana mpaka likauma. Ilichukua dakika kumi na moja. Nanyama aliziandika baadaye kwenye daftari. Maandishi yalipokwisha, aliiambia mashine izime na kuwaka upya, na wote wawili wakatazama kioo cheusi, mpaka ile rangi ya udongo ikajaa kutoka ukingo hadi ukingo.

Modemu ililia kilio chake kirefu na kushika. Nanyama akafungua kivinjari, yule mbweha mwekundu anayeikumbatia dunia, ambaye Bhagwanti siku zote alimwita "mbwa wako". Akafungua barua pepe.

"Sema, niandike."

Bhagwanti alifikiri. Angeweza kusema kwa Kigujarati, lakini vidole vya Nanyama havikujua Kigujarati, na Jaydeep alikuwa mtoto wa Nakuru. "Andika: Jaydeep, mimi mzima. Duka zima. Nanyama iko na mimi hapa juu, anakula dengu yangu na anasema uongo kwamba ni tamu. Usikuje. Usilie. Mwambie Mansi apumzike. Mama."

Nanyama aliichapa kama ilivyo, akasahihisha herufi kubwa tu. Wakakaa. Huko Kanada ilikuwa usiku wa manane, hawakutarajia jibu. Lilikuja baada ya dakika sita. Lilikuwa na mstari mmoja unaosema Mansi ana mimba ya miezi mitano, walikuwa wamepanga kusema siku ya kuzaliwa ya Bhagwanti, lakini sasa haina maana kungoja. Na chini yake: *Anti, asante. Uliwezaje kuiwasha?*

Bhagwanti alilia mpaka kitambaa kikalowa, kisha akapanda juu akala sahani mbili.

Nanyama alikaa hapo juu siku tisa. Aliporudi nyumbani alikuta mlango umevunjwa na redio haipo, lakini kitanda na picha za baba yake ziko. Duka likafunguliwa. Wateja wakarudi, pamoja na wengine wapya waliokuwa wanaishi kwenye mahema, waliokuja kuandika majina ya ndugu waliopotezana nao. Nanyama aliwachapia hao wa mahema bila malipo, na Bhagwanti alijifanya hajui.

Ila jambo moja lilibadilika. Nyota ilipotokea, Nanyama aliiacha. Ijumaa ilipita, na nyingine, na nyingine. Katika daftari aliandika tarehe na mbele yake hakuandika kitu. Maxwel alipomuuliza, alijibu kwamba mashine inafanya kazi, na kinachofanya kazi hakichokozwi.

"Si wewe ulisema ni chanjo?" Maxwel akasema.

"Nilisema. Na mtoto alipodungwa karibu afe mkononi mwangu."

Maxwel akamrudishia daftari lake. Alikuwa na heshima hiyo.

Mtoto wa kweli alizaliwa mwisho wa Mei, msichana, wakamwita Unnati. Jaydeep alituma picha moja kwa barua pepe. Ilikuwa kubwa, laini ikahangaika nayo nusu saa na kukatika ikiwa imeonyesha paji la uso tu. Bhagwanti alilitazama paji hilo siku nzima. Jaydeep akaziweka picha ndogo ndogo kwenye tovuti moja ya picha, akatuma anwani. Nanyama alipoifungua alikuta vijisanduku ishirini vya kijivu na onyo kwamba kivinjari hiki kimepitwa na wakati. Akajaribu namba mbili, tatu na nne. Vijisanduku vya kijivu.

"Mbwa wako amezeeka," Bhagwanti akasema. Hakusema kwa lawama, na hilo ndilo lililomchoma Nanyama.

Alimwandikia Jaydeep. Jibu lilieleza kwamba viraka vya Ijumaa, hata angevibandika vyote, vilikuwa vya kuziba mashimo tu; mbweha mwenyewe alibaki wa mwaka 2006. Kumpata mpya ilibidi kupandisha Linux nzima toleo jipya. Kwa laini yao ingechukua siku kadhaa, na Nanyama aliposoma neno *siku* aliiona tena swichi kuu mkononi mwake.

Wiki nzima hakulala vizuri. Jumamosi alikwenda mwenyewe Bahati, akamkuta Maxwel kwenye maabara ya shule akipangusa vumbi. Maxwel alikuwa na toleo jipya kwenye sidii, rafiki yake wa Nairobi alimchomea.

"Nichukulie kama mwanafunzi wako asiyejua kitu," Nanyama alimwambia. "Niambie kila kitu kinachoweza kuharibika."

Maxwel alimwambia vyote, na vilikuwa vingi. Nanyama aliandika. Kisha akapanga kazi yake kwa namna ambayo hakufundishwa na mtu. Angeanza na namba nne, ambayo haikupendwa na wateja kwa sababu kibodi yake ilikuwa nzito. Kwanza angetoa nakala ya kila faili. Angeifanya Jumapili baada ya ibada, duka likiwa limefungwa, na Bhagwanti angekaa karibu na swichi kuu kuhakikisha hakuna anayeigusa. Halafu wangesubiri wiki nzima waone kasoro gani zimezaliwa, kabla ya kuigusa namba moja.

Bhagwanti aliichukua kazi ya ulinzi kwa uzito wote. Alileta kiti chake, kikapu cha mbaazi za kupukuchua, na alipokuja jirani kuomba sukari alimjibu bila kuinuka kwamba leo yuko kazini.

Namba nne ilipanda kwa muda wa saa mbili na nusu, ikauliza maswali saba, na Nanyama akasoma kila moja mpaka mwisho kabla ya kujibu. Iliamka. Jumatatu ikagunduliwa kwamba haiioni printa. Zamani jambo hilo lingemvunja moyo. Sasa aliliandika, akalitafuta kwa siku mbili, akaliona ni jina tu la printa lililobadilika, akalirekebisha. Jumapili iliyofuata wakapandisha namba moja, na mbaazi zikapukuchuliwa kikapu kingine.

Mbweha mpya alikuwa mng'avu kidogo kuliko wa zamani. Nanyama aliandika anwani ya Jaydeep, akamwachia Bhagwanti kiti, akasimama nyuma.

Vijisanduku vilijaa kimoja kimoja, polepole, laini ikivuta. Mguu. Blanketi ya njano. Mansi akiwa amechoka na anacheka. Halafu uso mzima, umekunjamana, macho yamefumbwa kwa hasira.

Bhagwanti alikigusa kioo kwa kidole kimoja. "Masikio," akasema. "Masikio ya mzee wangu. Angalia, Nanyama, yanasimama hivi. Masikini mtoto."

"Nywele zitafunika."

"Hazitafunika. Yeye alikuwa na nywele nyingi na bado tuliyaona."

Siku iliyofuata wateja waligawana mashine tatu, kwa maana namba moja ilikuwa na mwenyewe tangu asubuhi, na kila aliyeingia kununua kalamu aliitwa nyuma aje atazame masikio. Nanyama alikuwa na daftari magotini. Alirudi kwenye kurasa zilizo na tarehe tupu, akazipiga mstari kwa rula, akaandika tarehe ya Ijumaa iliyokuwa inakuja kwenye ukurasa mpya.

Oktoba Bhagwanti alisafiri Kanada kwa miezi mitatu kumbeba mjukuu. Alimwachia Nanyama funguo zote, hata ya juu, na maagizo marefu kuhusu taa ya miungu, ambayo Nanyama wa kanisa la Friends aliiwasha kila asubuhi bila kuona shida yoyote. Kwa kuwa Maxwel hakuacha kulitangaza lile daftari, shule zikaanza kuuliza. Novemba mwalimu mkuu mmoja wa Kabazi, Bwana Kipkemboi, alikuja mwenyewe dukani. Shule yake ilikuwa imepewa kompyuta sita na wafadhili, zimewekwa Linux, na tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Alimtazama Nanyama, sweta lake, miwani yake yenye kamba, akatazama nyuma yake kana kwamba fundi atatokea huko.

"Nimeelekezwa kwa fundi wa hapa," akasema. "Ametoka?"

"Yuko," Nanyama akasema, akiinua kikombe chake. "Karibu kiti, boss. Anakunywa chai."